Henry Ford: Mwenye Kampuni na Kampuni Yake

Maisha haya yasomwe pamoja na mada za umiliki wa biashara, uongozi, uajiri na uzalishaji. Mada hizo nne hufundishwa mbali mbali, na mtahiniwa huzikariri mbali mbali. Kwa Henry Ford zinakutana mahali pamoja, na zinagombana.

Alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 shambani, karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyeishi kwa kilimo. Mama yake, Mary, alifariki mwaka 1876, Henry akiwa na miaka 12. Kazi ya jembe hakuipenda hata kidogo. Alipenda kufungua saa na kuzirudishia vipuri vyake. Akiwa na miaka 16 aliondoka nyumbani kwenda Detroit kuwa mwanagenzi katika karakana ya mitambo. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini humo, ambako alipanda hadi kuwa mhandisi mkuu.

Usiku, baada ya kazi ya mwajiri, alikuwa akitengeneza gari lake mwenyewe katika banda la nyuma ya nyumba. Lilikamilika Juni 1896. Likawa pana kuliko mlango wa banda, ikambidi achukue shoka na kubomoa ukuta wa matofali ili litoke. Hapa zingatia jambo moja: Ford hakuvumbua gari. Magari yalikuwa yamekwisha kutengenezwa Ujerumani miaka kumi kabla. Wanaoandika kwamba alilivumbua hupoteza alama bure.

Sasa umiliki. Kutengeneza gari moja bandani hakuhitaji kampuni, lakini kutengeneza magari ya kuuza kunahitaji mtaji, na Ford hakuwa nao. Mwaka 1899 matajiri wa Detroit walimchangia, ikaundwa kampuni ya kwanza. Ilivunjwa mapema mwaka 1901 baada ya kutoa magari machache yasiyoridhisha. Mwaka huohuo ikaundwa ya pili, iliyobeba jina lake. Wenye fedha walitaka magari ya kuuza haraka, naye alitaka kuendelea kurekebisha na kujenga magari ya mashindano. Wakamleta mhandisi mwingine kumsimamia. Ford akaondoka mwaka 1902 akiwa na dola 900 na haki ya kulitumia jina lake. Kampuni aliyoiacha ikabadilishwa jina ikawa Cadillac, na magari ya jina hilo yanatengenezwa hadi leo. Toka siku hizo hakuwapenda tena wanahisa. Chuki hiyo ishike vizuri, maana ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata.

Kampuni ya tatu, Ford Motor Company, ilisajiliwa tarehe 16 Juni 1903. Ilikuwa na wanahisa 12 na fedha taslimu dola 28,000 tu. Ford alipata asilimia 25.5 ya hisa, na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Alexander Malcomson, kiasi hichohicho. Ndugu wawili, John na Horace Dodge, walipewa hisa kwa kuwa karakana yao ndiyo iliyotengeneza injini. Karani wa Malcomson, James Couzens, aliingia na dola 2,500, na dada yake aliweka dola 100 kutoka kwenye akiba yake. Ford hakuleta fedha. Alileta ujuzi na michoro. Swali la kama mtu anaweza kumiliki hisa bila kutoa fedha taslimu lina jibu lake hapo.

Mwezi mmoja haukupita salama. Akaunti ya kampuni ilikuwa imeshuka hadi dola 223.65 pale daktari wa meno wa Chicago aliponunua gari la kwanza, Julai 1903. Baada ya hapo mauzo yakashika kasi. Mwaka 1906 Malcomson, aliyetaka magari ya gharama kubwa kwa ajili ya matajiri, aliuza hisa zake kwa Ford kwa dola 175,000. Ford akawa na zaidi ya nusu ya hisa, na ndipo akawa rais wa kampuni.

Gari alilolitaka lilitoka Oktoba 1908: Model T, jepesi, gumu, lenye uwezo wa kupita katika njia za matope za mashambani. Bei yake ilikuwa dola 850. Wanunuzi walikuja wengi kuliko uwezo wa kiwanda, hivyo mwaka 1910 kikafunguliwa kiwanda kipya Highland Park.

Tukae kidogo kwenye uzalishaji, maana ndipo watahiniwa wanapochanganya. Mgawanyo wa kazi ulikuwapo zamani kabla ya Ford. Adam Smith aliueleza mwaka 1776 kwa mfano wa pini. Vipuri vinavyofanana, ambavyo kimoja kinaweza kuwekwa mahali pa kingine bila kupigwa tupa, navyo vilikuwapo. Kilichofanyika Highland Park mwaka 1913 ni kuifanya kazi imfuate mfanyakazi. Walianza na magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini. Mtu mmoja alikuwa akiunda moja kwa dakika 20 hivi. Kazi ilipogawanywa hatua nyingi na kifaa kusogezwa kutoka mtu hadi mtu, dakika 20 zikawa 13, na baada ya marekebisho zikawa 5. Mawazo hayo wahandisi wa Ford waliyaona pia kwenye machinjio ya Chicago, ambako mzoga ulining'inizwa na kupitishwa mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata sehemu yake. Ford hakuyafanya haya peke yake. Lilikuwa kundi la wasimamizi na mafundi waliojaribu, wakapima kwa saa, wakajaribu tena.

Mwisho wa mwaka huo chesisi nzima ikawekwa kwenye mstari unaotembea. Kuunganisha gari kulikochukua zaidi ya saa 12 kukashuka, mwanzoni mwa 1914, hadi dakika 93. Gharama ya kila gari ikashuka, na Ford akaishusha bei badala ya kubaki na faida yote.

Lakini mashine haziendi zenyewe. Mtu aliyekuwa fundi sasa alikaza nati ileile mchana kutwa, na kasi haikupangwa naye bali na mstari. Watu wakachoka, wakaacha kazi. Mwaka 1913 ilibidi kampuni iajiri zaidi ya watu 50,000 ili ibaki na wafanyakazi wasiofika 15,000. Piga picha ya gharama hiyo: kila mgeni afundishwe, kila mgeni aharibu vipuri wakati anajifunza, halafu aondoke.

Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo malipo yalikuwa dola 2.34 kwa saa 9. Asubuhi zilizofuata maelfu ya watu walijazana langoni kwenye baridi kali, hadi polisi wakawafukuza kwa mipira ya maji. Utoro na kuacha kazi vikapungua sana. Fanya hesabu: kwa dola 2.34, gari la dola 850 ni mshahara wa siku 363. Mwaka 1916 gari lilikuwa limeshuka hadi dola 360, na kwa dola 5 hizo ni siku 72. Mfanyakazi alianza kuwa mteja.

Wengi huishia hapo na kumsifu. Dola zile 5 hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu ilikuwa mgao wa faida, na kuupata kulikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walikwenda nyumbani kwa mfanyakazi kuangalia kama anakunywa pombe, kama anaweka akiba, kama nyumba ni safi. Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa. Kwa upande mwingine, Ford aliwaajiri watu wenye ulemavu na Wamarekani weusi kwa wingi kuliko viwanda vingi vya wakati ule. Ukiulizwa uajiri wake ulikuwa mzuri au mbaya, usichague upande mmoja.

Faida ilipokuwa kubwa, ugomvi wa umiliki ukarudi. Ford alitaka fedha zijenge kiwanda kikubwa zaidi kando ya mto Rouge. Ndugu wa Dodge, ambao sasa walikuwa na kampuni yao ya magari, walidai gawio na kwenda mahakamani mwaka 1916. Mwaka 1919 Mahakama Kuu ya Michigan iliamuru wanahisa walipwe zaidi ya dola milioni 19. Ford akajibu kwa ujanja: alikwisha kujiuzulu urais na kumwachia mwanawe Edsel, akaeneza habari kwamba ataanzisha kampuni nyingine ya gari la bei rahisi zaidi. Wanahisa wakaogopa, wakauza. Aliwalipa wote jumla ya dola zipatazo milioni 106, na dada ya Couzens, kwa dola zake 100, akapata zaidi ya 260,000. Kampuni ikawa ya familia moja.

Kwa maoni yangu hapo ndipo matatizo yalipoanza, ingawa fedha ziliendelea kuingia kwa miaka. Hakukuwa tena na mtu wa kumwambia hapana. Couzens, aliyesimamia fedha na mauzo kwa mkono wa chuma, alikuwa ameondoka 1915. William Knudsen, bingwa wa uzalishaji, aliondoka 1921 akaenda General Motors kuijenga Chevrolet. Edsel alikuwa rais kwa jina. Aliyotoa asubuhi baba yake aliyafuta jioni. Ford hakukasimu madaraka. Gazeti alilolimiliki lilichapisha chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka, hadi alipoomba radhi mwaka 1927 baada ya kushtakiwa.

Wakati Chevrolet ikiwapa wanunuzi rangi na mitindo ya kuchagua, Ford aling'ang'ania Model T. Aliisimamisha mwaka 1927 baada ya kutoa magari milioni 15, na kiwanda kikafungwa kwa miezi mingi kwa sababu gari jingine halikuwa tayari. Nafasi ya kwanza sokoni ikaponyoka. Kuhusu wafanyakazi, madaraka yaliangukia kwa Harry Bennett, mkuu wa walinzi, ambaye watu wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi hadharani mwaka 1937. Kampuni ilikubali mkataba na chama hicho mwaka 1941 tu.

Edsel alifariki Mei 1943. Mzee, akielekea miaka 80 na afya imedhoofika, akachukua tena urais. Vita ilikuwa imepamba moto na serikali ilihitaji ndege kutoka viwanda vyake, kwa hiyo mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, akaruhusiwa kutoka jeshi la majini arudi nyumbani. Septemba 1945, baada ya bibi na mama yake kusimama imara, mjukuu akawa rais. Alikuwa na miaka 28. Kampuni ilikuwa ikipoteza mamilioni ya dola kila mwezi, na hesabu zake zilikuwa hazieleweki.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfukuza Bennett. Kisha akaajiri vijana kumi waliotoka kitengo cha takwimu cha jeshi la anga, na mwaka 1946 akamchukua Ernest Breech kutoka upande wa washindani, General Motors, amfundishe kuongoza. Henry Ford alifariki tarehe 7 Aprili 1947 nyumbani kwake Dearborn. Mafuriko yalikuwa yamekata umeme, na chumba kilimulikwa kwa mishumaa na taa ya mafuta. Januari 1956 hisa za kampuni zikauzwa kwa umma.