Dk. Alzheimer na mgonjwa aliyesahau jina la mumewe

Mzee wa hapa Kanyenye akianza kupotea njia ya kurudi nyumbani, majirani husema ni uzee tu. Akiwa bibi mwenye macho mekundu, wapo watakaosema ni mchawi, na mkoa wetu wa Tabora umezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma hizo. Leo tumtazame daktari aliyeanza kwa kumwuliza mgonjwa.

Alois Alzheimer alizaliwa Ujerumani mwaka 1864. Kuanzia 1888 alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Hakuwaweka waliochanganyikiwa wote kundi moja. Alichunguza nani kaswende imemfika ubongoni, na nani mishipa yake ya damu imekakamaa.

Novemba 1901 alimpokea Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51. Alimshuku mumewe bila sababu, akapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siku kadhaa Alzheimer alikaa naye, akimwuliza jina lake, jina la mumewe, na chakula alichokuwa akila, huku akiandika kila jibu.

Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer, wakati huo akiwa Munich, aliuchunguza ubongo wake kwa darubini. Aliona uchafu uliojikusanya kati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Novemba aliwaeleza madaktari wenzake. Hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 mkuu wake wa kazi, Emil Kraepelin, aliupa ugonjwa huo jina lake. Alzheimer alifariki Desemba 1915, naye akiwa na miaka 51.

Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Zilizopo huwapunguzia dalili baadhi ya wagonjwa. Lakini si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende, VVU, sonona, hata dawa fulani za usingizi huweza kuvuruga kumbukumbu, na haya yana matibabu. Presha na kisukari navyo vidhibitiwe.

Kwa hiyo mpeleke mzazi wako Kitete au kituo kilicho karibu. Aende na mtu anayeishi naye, abebe dawa zote anazotumia, za asili pia. Andika alianza kusahau lini, anasahau nini, analalaje. Tiba ya jirani yake si lazima iwe yake.