Selim Bey, Mzee wa Wanubi

Ndugu zetu wa pwani wafikapo Nairobi na kuswali Makina, Kibera, huwasikia wenyeji wakizungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu lakini Mwarabu haielewi kwa wepesi. Hapo kwa Wakawangware, jirani tu, haisikiki sana. Atakaye kujua asili yake na aanze na Selim Bey.

Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, kusini ya Sudani, chini ya Emin Pasha. Mtu wa kimo kikubwa na mwili mnene. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa watu wa Mahdi, Januari 1885, jimbo lile lilikuwa limekwisha katwa na Misri. Stanley alipokuja kumchukua Emin, Selim Bey alirudi Wadelai kukusanya watu wake, na safari ikaondoka 10 Aprili 1889 pasipo kumngoja. Akabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, hana mshahara wala amri kutoka kwa mtu yeyote.

Angeweza kujifanya sultani. Hakufanya hivyo. Askari wake walilima pamba, wakafuma nguo zao wenyewe, wakashika vyeo vyao na bendera ya Misri. Wanawake wengi wa kambini walikuwa wenyeji wa nchi zile, lakini watoto wao walikua wakisema Kiarabu cha askari, na kujihesabu watu wa Khedive, ambaye hawakupata kumwona. Malezi hayo ndiyo yaliyowafanya kabila moja. Nasaba peke yake isingeweza, maana nasaba zao zilikuwa nyingi.

Lugard alipowafikia, Septemba 1891, Selim alikataa kumtumikia mpaka Khedive aridhie. Wakapatana aondoke naye na ruhusa iombwe. Walitoka watu wapatao 8,000, wenye bunduki wakiwa wachache kati yao. Wengi waliwekwa katika ngome za Toro, na huko, haifai tufiche, waliwadhulumu raia.

Mwaka 1893 mambo ya Uganda yakaharibika baina ya Waislamu na serikali. Selim Bey akamwonya Macdonald asimpige vita Mbogo, mkubwa wa Waislamu wa Buganda. Kwa hayo askari wa Kampala wakanyang'anywa silaha, naye akakamatwa, hali ni mgonjwa, akapelekwa pwani. Hakufika: alifariki Naivasha, Allah amrehemu. Mbogo alihamishiwa Unguja, akarejea baadaye. Wako wamwitao Selim mkaidi. Sisi twaona kwamba aliyekuwa mwaminifu kwa dola iliyomsahau hakuweza kuwaacha ndugu zake wa dini kwa ajili ya dola aliyoijua kwa miaka miwili.

Wanajeshi wa Kisudani na watoto wao waliendelea kuwatumikia Waingereza katika King's African Rifles, na baadhi wakapewa makazi kando ya Nairobi, mahali walipopaita kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eka zaidi ya 4,000 zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, lakini hati hawakupewa. Basi Kinubi kikashikwa nyumbani, na akina mama wakaendelea kuvaa gurbaba na kufuma tabaga. Kijana wao alipoomba kitambulisho, aliitwa mbele ya kamati kuulizwa habari za babu zake, kama mgeni. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kuwa Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi. Hati ya ardhi ilikuja mwaka 2017: eka 288.