Jacqueline Onassis: Mjane wa rais aliyepanga mapema siku zake za mwisho

JUMATANO, Mei 18, 1994, mgonjwa mmoja aliondolewa katika Hospitali ya New York akarejeshwa nyumbani kwake, orofani, katika barabara ya Fifth Avenue. Hakuwa amepona. Saratani ilikuwa imeshaenea hadi kwenye ubongo na ini, nayo nimonia ilikuwa imembana kifua. Hospitali hiyo ilikuwa na kila mtambo wa kurefusha siku za mgonjwa, lakini mgonjwa huyu alikuwa amekwisha kutia sahihi hati iliyoagiza asisukumwe kwa tiba kali iwapo matumaini ya kupona yangetoweka.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy wa Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Alizaliwa Julai 28, 1929, huko Southampton katika jimbo la New York. Babake, John Bouvier, alikuwa mfanyabiashara wa hisa. Wazazi wake walitalikiana angali msichana, naye akakua akipenda farasi na vitabu. Alisoma katika Chuo cha Vassar, akaenda Paris, kisha akahitimu katika Chuo Kikuu cha George Washington mnamo 1951. Kabla ya kuolewa na Seneta Kennedy mnamo Septemba 12, 1953, alikuwa akifanya kazi ya kupiga watu picha na kuwahoji kwa ajili ya gazeti moja la Washington.

Jina la ukoo alioolewa halikuwa geni kwa Wakenya wa wakati huo. Mnamo 1960, baada ya Tom Mboya kumtembelea mumewe, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia safari za ndege za vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Marekani.

Mengi yameandikwa kuhusu mavazi ya Jacqueline na jinsi alivyoikarabati Ikulu ya White House. Lisilotajwa sana ni kwamba maisha yake yalipita katika vyumba vya wagonjwa mara nyingi kuliko ya watu wengi wa hadhi yake. Mnamo 1956 alijifungua binti aliyekuwa amekwisha kufa. Mwaka uliofuata babake aliaga kwa saratani ya ini kabla ya bintiye kumfikia. Agosti 1963 mwanawe Patrick alizaliwa kabla ya wakati na mapafu yasiyokomaa, akahamishiwa Boston huku mama akibaki katika hospitali nyingine. Mtoto aliishi siku mbili tu.

Kisa cha baba mkwe wake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Joseph Kennedy, tajiri aliyezoea kuamrisha na kutiiwa, alipigwa na kiharusi mnamo Desemba 1961. Upande wa kulia wa mwili ulipooza, na ulimi ukafungika. Neno lililomtoka mara nyingi lilikuwa la kukataa, hata pale ambapo waliomhudumia walihisi kwamba alikuwa akikubali. Aliishi hivyo karibu miaka minane, hadi Novemba 1969, akawazika wana wawili bila kuweza kusema lolote. Jacqueline alimpenda mzee huyo na alikuwa miongoni mwa waliomkaribia bila kuionea haya hali yake. Aila nzima ilibaki kukisia alichotaka yule ambaye zamani hakuna aliyehitaji kukisia matakwa yake.

Halafu kulikuwa na Dallas. Novemba 22, 1963, mumewe alipopigwa risasi, Jacqueline alikataa kubaki nje ya chumba ambamo madaktari wa Hospitali ya Parkland walikuwa wakihangaika. Aliingia, akawa humo. Alikuwa na umri wa miaka 34. Katika siku tatu zilizofuata aliongoza mipango ya mazishi, akaagiza yafuate mfano wa yale ya Abraham Lincoln, na akaomba moto usiozimwa uwashwe kaburini. Waliomdhania kuwa pambo la Ikulu waligundua kwamba alijua kupanga.

Ndoa yake ya pili, na tajiri wa meli Mgiriki Aristotle Onassis mnamo 1968, iliwakasirisha Wamarekani wengi waliotaka abaki mjane wa taifa milele. Onassis alipofariki Paris mnamo Machi 1975 mkewe alikuwa New York, na magazeti hayakumsamehe. Miaka kumi na minne baadaye, mnamo 1989, mamake mzazi Janet aliaga baada ya ugonjwa wa Alzheimer kumfuta kumbukumbu polepole.

Jacqueline hakueleza hadharani ni tukio lipi kati ya hayo lililomfanya aandike maagizo yake. Alichukia kuanika mambo ya nyumbani, na ingekuwa ujuaji kumsemea. Ila ni dhahiri kwamba alikuwa amekiona kifo cha ghafla, na pia kile kinachochukua miaka.

Sheria nayo ilikuwa ikibadilika. Wazo la wosia wa matibabu, yaani hati ambayo mtu mzima mwenye akili timamu huandika mapema akieleza tiba anayoikubali na anayoikataa endapo atashindwa kujisemea, lilipendekezwa na wakili Luis Kutner wa Chicago mnamo 1969. California ilikuwa ya kwanza kuipa hati kama hiyo nguvu ya sheria, mnamo 1976. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey iliwaruhusu wazazi wa Karen Ann Quinlan, msichana aliyekuwa katika hali ya kutojitambua, kuagiza mashine ya kupumulia iondolewe.

Kesi iliyowashtua wengi zaidi ilikuwa ya Nancy Cruzan wa Missouri. Aliumia katika ajali ya gari mnamo 1983 akiwa na umri wa miaka 25, akabaki akilishwa kwa mrija. Wazazi wake walitaka mrija utolewe. Mnamo Juni 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa wazi kuhusu matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Cruzan hakuwa ameandika chochote. Ilibidi marafiki waje kukumbuka mazungumzo ya zamani ndipo mahakama ikakubali, naye akafariki Desemba mwaka huo. Kuanzia Desemba 1991 sheria ya taifa ilizitaka hospitali ziwafahamishe wagonjwa kuhusu haki ya kuandika maagizo ya aina hii.

Jacqueline wakati huo alikuwa mhariri wa vitabu katika kampuni ya Doubleday, kazi aliyoifanya kwa bidii na bila makeke. Mapema 1994 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu, na Februari umma ukafahamishwa. Aliendelea na kazi huku akipata tibakemikali. Ieleweke kwamba hakuikataa tiba. Aliipokea maadamu ilikuwa na uwezekano wa kumfaa. Machi 22 alitia sahihi wosia wake wa mali. Aprili alifanyiwa upasuaji wa kidonda cha tumbo kilichotoboka.

Majaliwa yana vituko vyake. Mwezi huo wa Aprili, katika hospitali hiyo hiyo, alilazwa Richard Nixon, yule ambaye Kennedy alimshinda katika uchaguzi wa 1960. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Yeye pia alikuwa ameacha maagizo ya maandishi, hivyo hakuunganishwa na mashine ya kupumulia, akafariki Aprili 22.

Ilipodhihirika Mei kwamba dawa zimeshindwa, Jacqueline alipelekwa nyumbani. Hapakuwa na mvutano kati ya madaktari na watoto wake, Caroline na John, wala baina ya ndugu hao wawili. Jamaa na marafiki walipita mmoja mmoja kumuaga, huku umati ukisimama kando ya barabara chini. Alikata roho usiku wa Alhamisi, Mei 19, saa nne na robo. Kesho yake John aliwatangazia wanahabari waliokuwa mlangoni kwamba mamake alikuwa ameondoka kwa namna aliyoitaka yeye mwenyewe, akiwa kati ya watu wake na vitabu vyake.

Ni kweli kwamba alikuwa tajiri, mwenye mawakili, na nyumba ambamo muuguzi angeweza kumhudumia. Wengi hawana hayo. Lakini hati yenyewe haihitaji utajiri. Ni karatasi, sahihi na mashahidi, na Cruzan angeweza kuwa nayo. Baada ya vifo vya Nixon na Jacqueline, vilivyofuatana kwa wiki nne tu, maelfu ya Wamarekani waliomba fomu hizo.

Mei 23, baada ya ibada katika Kanisa la Mtakatifu Ignatius Loyola, mwili ulisafirishwa hadi makaburi ya Arlington. Alizikwa kando ya mumewe wa kwanza na wale watoto wawili wachanga, karibu na moto aliouwasha mwenyewe mwaka 1963.