Mwana wa mchimba makaa aliyepeleka sanamu malishoni

Msafiri apitaye kwa miguu katika mashamba ya Perry Green, kijiji kidogo cha Hertfordshire, kaskazini mwa London, hukutana na jambo la ajabu. Katikati ya malisho limesimama pande kubwa la shaba, umbo lake mithili ya wanyama wawili walioegemeana. Kondoo hujikinga mvua chini yake, hujikuna ubavuni mwake na kulala kivulini mwake, wala hawana habari kwamba watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kulitazama. Henry Moore, aliyelifanya pande hilo miaka ya 1971 na 1972, alikusudia iwe hivyo hasa.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba sanaa ni kitu cha kufungiwa ndani ya jumba, mlinzi akiwa mlangoni. Moore hakukubali. Kwake yeye hapakuwa na ukuta uliofaa kuwa nyuma ya sanamu kuliko mbingu. Ili kuelewa alikoitoa imani hiyo hatuna budi kurudi Castleford, mji wa migodi katika Yorkshire, alikozaliwa tarehe 30 Julai 1898, mtoto wa saba kati ya wanane.

Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyejielimisha mwenyewe kwa vitabu, na aliapa kwamba wanawe hawatashuka mgodini. Mama yake aliumwa mgongo, na kijana Henry ndiye aliyekuwa akimkanda kwa mafuta. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akifinyanga migongo ya wanawake, vidole vyake vilikumbuka mifupa ya mama yule. Angali mtoto, alisikia katika mafunzo ya dini ya Jumapili habari za Michelangelo, akaamua kuwa mchongaji. Baba hakumkataza, lakini alimpa sharti: kwanza apate cheti cha ualimu, kazi ya mshahara, ndipo ayafuate hayo mengine. Wazazi wa namna hii tunawajua, na si haki kuwacheka. Aliyeonja njaa hamtumi mwanawe kuifuata sanaa mikono mitupu.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa walimu wamtie akilini. Jina lake Alice Gostick, mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari ya Castleford. Hakuwa mtu mashuhuri. Lakini aliona kilichomo katika mikono ya mwana wa mchimba makaa, akampa vitabu, akamfunza ufinyanzi baada ya saa za masomo, na hakuchoka kumhimiza hata mvulana huyo alipokuwa amekwisha kuondoka shuleni. Katika shule zetu nyingi kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kutolewa mhanga mitihani inapokaribia. Sijui ni kina Moore wangapi tuliowazika kwa njia hiyo.

Moore alifundisha kwa muda mfupi katika shule ya msingi aliyosomea mwenyewe, na kazi hiyo ilimchosha moyo. Mwaka 1917 aliingia jeshini, akapelekwa Ufaransa, na Novemba mwaka huo akadhuriwa na gesi ya sumu katika vita vya Cambrai. Aliporudi, msaada wa serikali kwa askari waliotoka vitani ulimwezesha kujiunga na chuo cha sanaa cha Leeds mwaka 1919, na mwaka 1921 akaenda London kwa ufadhili wa masomo.

Huko London shule yake ya pili ilikuwa Makumbusho ya Uingereza. Alisimama saa nyingi mbele ya vinyago vya Afrika na mawe yaliyochongwa na wenyeji wa kale wa Mexico, akajifunza kuwa mchongaji aweza kuliacha jiwe libaki jiwe. Mabwana waliozoea sanamu laini za Kigiriki walichukizwa. Baada ya maonyesho yake ya mwaka 1931 magazeti yalimshambulia vikali, naye akakiacha chuo cha kifalme alichokuwa akifundisha na kuhamia kile cha Chelsea.

Vita vya pili vilimpatia heshima ya umma, kwa michoro yake ya watu wa London waliolala katika vituo vya reli chini ya ardhi wakikimbia mabomu. Mwaka 1940 bomu liliharibu makao yake, akahamia Perry Green, asiondoke tena hadi kufa kwake tarehe 31 Agosti 1986. Alinunua shamba baada ya shamba, akayapanda sanamu kama wengine wapandavyo miti.

Mbegu hiyo ilienea. Mwaka 1977 mhadhiri wa chuo cha walimu cha Bretton Hall, si mbali na Castleford, alianzisha bustani ya sanamu katika viwanja vya chuo hicho, nayo leo ni miongoni mwa kubwa kabisa za Ulaya. Watu hutembea humo nusu siku, buti zikiwa na matope, kisha hutafuta mlo katika baa ya kijiji. Orodha ya vyakula siku hizi haikosi chakula kisicho na nyama, na sishangai: aliyeshinda asubuhi nzima akiwatazama kondoo wa Moore huona haya kuagiza paja la mmoja wao.

Lakini uwazi una gharama. Desemba 2005 wezi walifika Perry Green na lori lenye kreni, wakabeba sanamu ya mtu aliyejinyoosha, yenye uzito wa tani 2 na thamani ya pauni milioni 3. Polisi waliamini kwamba ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Mwaka 2012 iliibwa saa ya jua ya shaba. Wezi waliiuza kwa pauni 46 tu kabla haijapatikana.

Sisi tunalijua jambo hili. Vigango vya Wamijikenda, vilivyosimamishwa nje kwa heshima ya wazee waliofariki, viling'olewa na kuuzwa ng'ambo, vikafungiwa katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa pwani mwaka 2007. Waliovichonga, kama Moore, walivikusudia kusimama penye jua na mvua, si ndani ya kabati la kioo. Tofauti ni kwamba mwizi wa Perry Green aliitwa mwizi siku hiyo hiyo.