Clemens von Pirquet, daktari wa watoto aliyetupa neno aleji

Mtoto akila karanga akavimba midomo, au akibanwa kifua kila vumbi linapotimka, siku hizi tunasema ana aleji, yaani mzio. Neno aleji lina mwenyewe. Lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet.

Pirquet alizaliwa tarehe 12 Mei 1874 karibu na jiji la Vienna. Alianza kusomea theolojia, akaingia falsafa, mwishowe akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1900 huko Graz, kisha akaenda kuwatibu watoto Vienna.

Miaka hiyo dondakoo lilikuwa likiua watoto wengi. Dawa iliyokuwepo ilikuwa seramu, yaani maji ya damu ya farasi aliyedungwa sumu ya ugonjwa huo kidogo kidogo hadi mwili wake ukatengeneza kinga. Seramu iliokoa maisha ya wengi. Lakini baadhi ya watoto, siku nane hadi kumi na mbili baada ya sindano, walipata homa, vipele na maumivu ya viungo. Wengine walipodungwa mara ya pili, madhara yalikuja upesi zaidi, hata siku ile ile.

Pirquet na mwenzake Béla Schick, daktari kutoka Hungaria, waliwafuatilia watoto hao na kuhesabu siku. Wakajiuliza: kama seramu ni sumu, mbona haimdhuru mtoto mara moja? Jibu lao lilishangaza wengi. Mwili huchukua siku kadhaa kutengeneza kinga dhidi ya kitu kigeni. Kinga hiyo ikikutana na seramu, mapambano yao ndiyo yanayomuumiza mtoto. Mara ya pili mwili unakuwa umeshajiandaa, ndiyo maana hauchelewi. Matokeo hayo waliyatoa katika kitabu mwaka 1905.

Wakati ule madaktari waliamini kuwa kinga ni mlinzi tu. Pirquet alionyesha kuwa mlinzi huyo huyo anaweza kumjeruhi mwenye nyumba. Mwaka uliofuata akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya tofauti na kazi, likapatikana neno la kueleza mwili uliobadilika namna ya kupokea kitu. Watafiti waliomfuata walitumia wazo hilo kuielewa pumu ya watoto.

Mwaka 1907 alibuni kipimo cha kifua kikuu kwa kukwaruza ngozi na kuweka tone la dawa. Mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux alikiboresha kwa kudunga dawa ndani ya ngozi, na njia hiyo inatumika mpaka leo.

Pirquet alifundisha Baltimore, Marekani, kisha akarudi Vienna kuongoza hospitali ya watoto. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia ugawaji wa chakula cha msaada kwa watoto wa Austria waliokuwa na njaa. Kwa huzuni, Februari 1929 yeye na mkewe walijitoa uhai. Alikuwa na miaka 54.

Msikilizaji wetu, kazi yake inatuhusu hata huku vijijini. Pumu haiambukizi, na wala si kurogwa. Mtoto aliyewahi kudhurika kidogo na dawa, chakula au nyuki anaweza kudhurika zaidi siku nyingine. Kwa hiyo kabla mtoto hajachomwa sindano au kupewa dawa, mwambie muuguzi kilichompata zamani, hata kama hukuulizwa. Na mtoto akivimba uso au kushindwa kupumua, usisubiri kukuche. Mkimbize kituo cha afya.