John Harrison, fundi mbao aliyefundisha chuma kusikia joto

Huko Ulaya jina la John Harrison linajulikana sana. Hapa Kolwezi wengi wanaishi na kazi yake bila kumjua mwenyewe. Iko ndani ya pasi ya umeme, iko ndani ya disjonkta inayokata umeme waya zikipata moto kupita kiasi, tena iko ndani ya aina fulani ya kengele za joto, zile zinazofungwa kwenye plafon ya jikoni ili zipige kelele wakati nyumba inaanza kuungua. Lakini Harrison hakutafuta dawa ya moto wa nyumba. Alikuwa anatafuta saa isiyodanganya, na joto lilikuwa adui wake.

Alizaliwa mwaka 1693 pale Foulby, kijiji cha Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa seremala. Alipokuwa bado mtoto, jamaa ilihamia Barrow, kijiji kingine karibu na mto Humber, na ni pale alijifunza kazi ya mbao. Chuo kikuu hakukanyaga. Hakuna pia fundi mkubwa wa saa aliyemfundisha. Mwaka 1713, akiwa na miaka 20, alimaliza saa yake ya kwanza, na karibu mashine yote ya ndani, hata magurudumu yake, ilikuwa ya mbao. Kiisha akatengeneza saa ya mnara kwenye shamba la tajiri mmoja pale Brocklesby. Sehemu zenye kusuguana alizifanya kwa mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe, kwa hiyo saa haikuhitaji kupakwa mafuta hata siku moja. Ile saa ingali inatembea mpaka leo, miaka 300 imepita.

Juu ya nini saa ilikuwa jambo kubwa hivyo? Msikilizaji wa radio anaweza kuelewa haraka. Kolwezi ikiwa saa moja ya jioni, Kinshasa ni saa kumi na mbili. Hiyo ni saa ya serikali. Ukifuata jua lenyewe, Kolwezi inatangulia Kinshasa kwa dakika 40 hivi, kwa sababu iko mashariki yake kwa digrii kama 10, na dunia inachukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Sasa geuza hesabu. Mtu aliye katikati ya bahari, akijua jua linamwonyesha saa ngapi pale alipo, na akijua wakati uleule ni saa ngapi kwao nyumbani, anaweza kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Shida ilikuwa moja tu. Hakuna saa iliyoweza kubeba wakati wa nyumbani juu ya meli bila kuharibika. Meli inatikisika, leo kuna baridi kali, kesho kuna joto la Karibea, na saa inakimbia au inachelewa ovyo.

Watu walikuwa wanakufa kwa sababu ya hiyo. Mwaka 1707 meli nne za vita za Uingereza zilipiga miamba ya visiwa vya Scilly usiku mmoja, juu ya manahodha kutojua vizuri walipo. Zaidi ya watu elfu moja walizama. Mwaka 1714 bunge la Uingereza likaweka zawadi ya paundi 20,000, mali kubwa sana wakati ule, kwa mtu yeyote atakayeonyesha njia ya kujua mahali pa meli kwa kosa lisilozidi nusu digrii. Penye ikweta hiyo ni karibu kilometa 55. Kwa lugha ya saa, nusu digrii ni dakika mbili tu, na safari yenyewe ilikuwa ya wiki kama sita. Maana yake saa isipoteze wala isiongeze zaidi ya sekunde tatu hivi kwa siku.

Harrison alianza na pendulo. Kila fundi wa chuma wa hapa anajua kwamba chuma kikipata moto kinarefuka, ndiyo maana reli zinaachiwa nafasi kidogo penye maungio. Ufito wa pendulo nao unarefuka siku ya joto, pendulo inatembea polepole, saa inachelewa. Wengine walitafuta kuifunga saa isifikiwe na joto. Yeye aliliacha liingie, akatumia metali mbili zishindane. Aliona shaba ya manjano inarefuka kuliko chuma cha pua. Karibu mwaka 1726 akafunga fito tisa za metali hizo mbili pamoja, kwa namna ambayo zile za chuma zikisukuma uzito chini, zile za shaba zinauinua juu kiasi kilekile. Pendulo ikabaki na urefu uleule, jua liwake au barafu ianguke. Kuhakikisha, alilinganisha saa zake na nyota, akiangalia kila usiku nyota ikipotea nyuma ya bomba la moshi la jirani. Mdogo wake James alifanya naye kazi miaka mingi.

Inafaa kukumbuka shaba ya manjano ni kitu gani: ni shaba iliyochanganywa na zinki. Wakati Harrison anapima fito zake, huku Katanga watu walikuwa wanayeyusha shaba tangu zamani na kuifanyia biashara. Na zinki, wazee wa Kolwezi wanakumbuka kiwanda chake hapa mjini, kilichokuwa kinategemea madini ya Kipushi. Zile metali mbili si wageni kwetu.

Pendulo haifai juu ya meli, kila mtu anajua. Karibu mwaka 1730 Harrison alikwenda London. Edmond Halley, mkubwa wa wanaastronomia wa mfalme, alimpokea vizuri na kumtuma kwa George Graham, fundi saa mwenye sifa kuliko wote pale. Graham akamkopesha pesa bila kumwekea masharti. Saa ya kwanza ya bahari ilimalizika mwaka 1735, na ilikuwa na uzito wa kilo 34. Mwaka 1736 ilisafiri mpaka Lisbon. Wakati wa kurudi, nchi ya kwanza ilipoonekana, wakubwa wa meli Orford walisema ni rasi fulani. Harrison akakataa, akasema ni nyingine, ya mbali na ile karibu kilometa 100. Yeye ndiye alikuwa na haki.

Angeweza kuomba safari ya majaribio ya zawadi palepale. Hakuomba. Aliambia kamati ya serikali kwamba saa yake ina makosa, akaomba pesa kidogo atengeneze bora zaidi. Huyu mtu alikuwa mgumu hivyo, hata kwa hasara yake mwenyewe. Saa ya pili ilimalizika mwaka 1739, akaikataa kabla haijafika baharini.

Ya tatu ilimla miaka 19. Ina vipande zaidi ya 700. Ni ndani ya ile saa kulitokea kitu kinachotuhusu hapa. Fito tisa zilikuwa nzito na zilichukua nafasi kubwa. Harrison alichukua ukanda mwembamba wa shaba ya manjano na ukanda mwembamba wa chuma cha pua, akazipigilia pamoja mgongo kwa mgongo kwa misumari midogo. Joto likipanda, shaba inataka kurefuka kuliko mwenzake. Lakini imefungwa, haiwezi kwenda peke yake. Basi ukanda wote unapinda. Baridi ikirudi, unajinyoosha. Ukanda hauna gurudumu, hauna mafuta, hauhitaji mtu wa kuuangalia. Ndani ya saa, kule kupinda kulisogeza pini mbili ndogo kwenye kamani, na saa ikajirekebisha yenyewe. Kumbe chuma kilikuwa kimejifunza kusikia joto na kufanya kazi juu ya lile joto.

Saa yenyewe ya tatu haikumridhisha. Mwaka 1759 alimaliza ya nne, na hiyo ilikuwa kitu kingine kabisa: kama saa ya mfukoni, kipenyo cha sentimeta 13, uzito wa kilo moja na nusu hivi, nayo ina ukanda uleule wa metali mbili ndani yake. Harrison alikuwa amezeeka, kwa hiyo mwana wake William ndiye alipanda meli Deptford mwaka 1761 kwenda Jamaika. Nyuma ya siku 81 saa ilikuwa imechelewa sekunde 5.

Mtu angefikiri mambo yameisha. Kamati ilisema labda ni bahati tu. Wakaomba safari nyingine, ya Barbados, mwaka 1764. Saa ikafaulu tena, mara tatu kuliko sheria ilivyodai. Bado hawakulipa. Mwaka 1765 sheria ilibadilishwa: Harrison afungue saa mbele ya watu, aeleze siri yake yote, aiachie serikali, ndipo apate nusu ya zawadi. Nusu ya pili itangoja saa nyingine zifanane na ile. Ndani ya kamati alikuwemo Nevil Maskelyne, mkubwa mpya wa wanaastronomia, ambaye yeye mwenyewe alikuwa anatetea njia tofauti, ile ya kupima mwezi na nyota. Mshindani akawa mwamuzi. Njia ya mwezi haikuwa ya bure, manahodha waliitumia miaka mingi, lakini kuamua namna hiyo si haki hata kidogo. Mwaka 1766 Maskelyne alifika nyumbani kwa Harrison na barua ya serikali, akazichukua saa tatu kubwa, kazi ya karibu miaka 30. Ya kwanza ilianguka wakati wa kubebwa. Zilipelekwa Greenwich juu ya gari lisilo na spring.

Wachimbaji wa mikono wa huku, wale wanaofikisha mfuko wa mawe kwenye depo na kuambiwa mizani inasema vingine, hawatahitaji kuelezwa mzee alisikia nini siku ile.

Alitengeneza ya tano. William akaandika kwa mfalme George wa Tatu, na mfalme akaijaribu yeye mwenyewe mwaka 1772, wiki kumi. Haikukosea hata nusu sekunde kwa siku. Mfalme akachukua upande wa mzee, na mwaka 1773 bunge likamlipa paundi 8,750. Zawadi yenyewe, kwa jina lake, haikutolewa kwa mtu yeyote. Harrison alikuwa na miaka 80. Alikufa London mwezi wa tatu mwaka 1776.

Ukanda wake haukufa naye. Mafundi wa nyuma walitambua kwamba kitu kinachopinda kwa joto kinaweza kugusa waya mbili zikutane, au kuziachanisha. Kikiziachanisha, pasi inajizima kabla ya kuunguza nguo. Kikizikutanisha, kengele inalia. Leo kengele nyingi za nyumbani zimeacha ukanda na zinatumia kipande kidogo cha elektroniki chenye kubadilika na joto, lakini kazi ni ileile: hewa ya plafon ikifika kati ya digrii 54 na 65, inapiga kelele.

Juu ya nini joto, si moshi? Kwa sababu jikoni kuna moshi kila siku. Kengele ya moshi ikifungwa juu ya sufuria ya mafuta italia kila jioni, mpaka mwenye nyumba ataitoa mawe ya radio na kuyatia kwenye tochi. Ya joto inanyamaza wakati wa kupika na inalia wakati moto umeshatoka kwenye mbabula au kwenye resho na kushika ukuta. Kwa hiyo ya joto iwe jikoni, ya moshi iwe karibu na vyumba vya kulala, maana moto unaoanzia kwenye godoro unatoa moshi wa kuua mbele ya joto kufika juu.

Mahali pake ni kwenye plafon, katikati, si chini ya sentimeta 30 kutoka ukuta, kwa sababu joto linapanda na kona inabaki na hewa isiyotembea. Nyumba isiyo na plafon ina shida yake: mabati yakipigwa na jua la mwezi wa kumi yanakuwa moto yenyewe. Hapo kengele isigandishwe kwenye bati, ifungwe kwenye ubao wa kenchi, chini kidogo. Isipakwe rangi. Vumbi la Kolwezi linajulikana, basi kila miezi michache ipanguswe kwa brashi laini.

Jambo moja wauzaji hawalisemi mara nyingi. Kengele ya joto haisikii gesi ya makala. Mbabula ikiachwa inawaka ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa mwezi wa sita, watu wanaweza kufa wote na kengele isilie, kwa sababu joto halikufika kiwango chake. Mbabula inalala inje.

Umeme wa SNEL unakatika, kwa hiyo ile ya betri inafaa kuliko ile inayotegemea waya peke yake. Kuna kitufe cha kujaribia: kibonyezwe mara moja kwa mwezi, na kila mtu wa nyumba, hata watoto, asikie ile sauti na ajue ni ya nini. Wakati inaanza kutoa mlio mfupi mfupi, betri inaisha. Nyuma ya miaka kumi hivi, au tarehe iliyoandikwa mgongoni mwake, inatolewa nzima na kufungwa mpya.