ALBERT CLAUDE: MUNGANGA ALIYEINGIA UNIVERSITE BILA DIPLOMA



Katika somo la biolojia tunachora seli. Tunatia kiini katikati, tunatia vitone vidogo vidogo, na kandoni tunaandika: ribozomu. Mwalimu anasahihisha, tunafunga kaye, basi. Lakini ni wachache wanaouliza: nani alivumbua vile vitone? Leo tunaeleza maisha ya Albert Claude, Mbelgiji.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1890 katika kijiji cha Longlier, Ubelgiji. Shule ya kijiji ilikuwa na chumba kimoja tu. Wakubwa kwa wadogo walikaa pamoja mbele ya mwalimu mmoja. Albert alikuwa pia mpiga kengele wa kanisa. Mama yake aliugua kanseri ya ziwa, akafa wakati mtoto alikuwa na miaka 7. Baadaye mzee mmoja wa jamaa alipasuka mshipa wa kichwa, akawa hawezi kujisaidia. Nani atamlinda? Wakamuita Albert. Akaacha shule, akamuuguza yule mzee kwa miaka kadhaa.

Kisha akaingia kazi katika kiwanda cha chuma, akajifunza kuchora mapicha ya mashini. Katika vita ya 1914-1918, wakati Wajeremani walikuwa wameshika nchi, alisaidia upelelezi wa Waingereza kwa siri. Vita ikaisha. Sasa alitaka kuwa munganga. Lakini diploma iko wapi? Hakuna. Kilatini na Kigiriki vilivyoombwa, hakuna. Ndipo serikali ya Ubelgiji ikatoa sheria: waliotumika vitani waweze kuingia universite hata bila diploma. Mwaka wa 1922 akaingia Liège, na mwaka wa 1928 akatoka munganga. Sheria ilimfungulia mlango, lakini mitihani haikumhurumia. Aliifanya sawa wengine.

Aliandika barua New York, kwa Kiingereza kibovu, akiomba kutafuta chanzo cha kanseri fulani ya kuku. Ile kanseri ilikuwa inajulikana tangu 1911 kwa kazi ya Peyton Rous. Walimkubali, na mwaka wa 1929 akafika katika Institut Rockefeller.

Alifanyaje kazi? Chota maji ya matope katika ndoo, uyaache yatulie. Vijiwe vya volkano vinashuka kwanza, kisha mchanga, na mwisho matope laini. Claude alisaga seli, akazitia katika mashini inayozunguka kwa mbio sana. Mizunguko inasukuma vitu vizito vishuke upesi: kwanza viini, kisha mitokondria, na mwisho, kwa mbio kubwa zaidi, vitu vidogo kabisa. Wengine walimlaumu, wakiona ni kuharibu seli tu. Yeye akaendelea kupima kila tabaka.

Katika vile vidogo kabisa alikuta ARN mingi. Ilionekana amekamata chanzo cha kanseri! Lakini mtafiti wa kweli hapimi upande mmoja. Akachukua seli za vifaranga vizima, visivyo na ugonjwa wowote, akafanya vile vile. Kumbe! Vitu ni vile vile. Kazi ya miaka ilikuwa kama imeanguka. Angeweza kuficha matokeo yale. Hakuficha. Alijiuliza: kama viko katika seli zote, vina kazi gani? Mwaka wa 1943 akaviita mikrosomu. Mwaka wa 1945, pamoja na Keith Porter na Ernest Fullam, akatoa picha ya kwanza ya seli nzima kwa mikroskopi ya elektroni.

Wengine wakaendelea pale alipofika. Paul Zamecnik na wenzake, kule Boston, walionyesha ya kuwa protini zinajengwa katika mikrosomu. Mwaka wa 1955 George Palade alieleza wazi vitone vilivyo ndani yake, na mwaka wa 1958 vikapewa jina la ribozomu.

Kazi yake ni hii. Ukikula sambaza na maharagi, tumbo linavunja protini kuwa asidi-amino, damu inazipeleka kwenye seli. Ribozomu ina vipande viwili, kidogo na kikubwa. Kidogo kinasoma ujumbe wa ARN uliotoka kwenye kiini. Kikubwa kinaunganisha asidi-amino moja moja, za aina 20, sawa fundi anayepanga matofali kufuata plani. Microbe nazo zina ribozomu zao, tofauti kidogo na zetu. Kwa sababu hiyo dawa kama tetrasiklini na eritromisini zinaweza kusimamisha za microbe bila kusimamisha zetu.

Claude alirudi Brussels, akaongoza Institut Jules Bordet, inayoshughulika na kanseri. Mwaka wa 1974 alipewa Zawadi ya Nobel pamoja na Palade na Christian de Duve. Alikufa tarehe 22 Mei 1983. Hiyo tarehe, sisi wa Goma tunaijua kwa sababu nyingine, tangu Nyiragongo ya 2021.

Ndugu na dada, kati yetu wako waliopoteza miaka ya shule juu ya volkano, juu ya vita, ao juu ya mgonjwa nyumbani. Hatusemi kila aliyeacha shule atapata sheria ya kumrudisha, wengi hawakuipata. Lakini mlango ulipofunguka, Claude alikuwa bado anataka kusoma. Na tukumbuke wale vifaranga wazima. Siku ya majaribio darasani, andika kile macho yako yameona, si kile jirani ameandika, hata kama kinavunja jibu ulilokuwa unangojea.